Taa Nilizozipaka Mimi

Juzi mjukuu wangu alikuwa ameketi sebuleni kwangu hapa Ruiru akipaka kucha zake rangi nyekundu, nami nachambua mchele. Harufu ile iliponifikia niliweka ungo chini, nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji mpaka moyo ukatulia. Alinifuata akaniuliza, "Cucu, rangi imekuchukiza?" Nikamwambia ni joto tu. Ningemwambia nini? Kwamba mara ya kwanza kuinusa harufu hiyo haikutoka kwenye kucha za mtu, ilitoka kwenye taa za nyuma za kigari cha mbao kisichozidi urefu wa mkono wangu? Na kwamba kwa sababu ya kigari hicho nilimpoteza baba yangu, ingawa alirudi nyumbani na akaishi miaka mingi?

Ninyi wa rika langu mliolelewa kwenye laini za mashamba ya kahawa hamna haja ya kuambiwa tulivyoishi. Nyumba za udongo zilizopangwa safu, kuku wa kila mtu wakichanganyika, na harufu ya maganda ya kahawa yaliyoozea kule mtoni, ambayo mgeni aliziba pua akiisikia na sisi hatukuisikia kabisa. Mama alikuwa mchumaji kahawa. Baba hakuwa mtu wa shamba. Alipaka rangi bodi za malori katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Thika, na kila siku aliondoka kwa baiskeli kabla hakujapambazuka, akirudi jioni suruali yake ikiwa ngumu magotini kwa rangi iliyokauka. Mimi nilikuwa kifungua mimba, nimepewa jina la mama yake mzazi, na kwa hiyo hakuniita mwanangu hata siku moja. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, na akitaka maji ya kunywa aliniomba kwa adabu kama mtu anayemwomba mama yake kweli.

Kilichotupa chumba kwenye laini zile, ingawa Baba hakufanya kazi pale, ni vigari. Meneja wa shamba alikuwa Mzungu wa makamo, mtu wa sauti ndogo, ambaye watu walimwita Kihara kwa ajili ya upara wake. Mbele yake walimwita Bwana. Mkewe alikuwa amerudi kwao Ulaya na hakuonekana tena. Jumamosi na Jumapili alikaa peke yake barazani akichonga mbao na kukunja bati, akitengeneza vigari vilivyofanana na magari halisi hata ukaogopa kuvishika: milango, vishikio, mikunjo ya bodi, kila kitu kimepimwa kwa rula na kuandikwa. Kila kimoja kilikuwa gari ambalo yeye au baba yake aliwahi kuendesha. Lakini mikono yake ilitetemeka tangu atoke vitani, na vitu vidogo vilimshinda. Alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kizungu, "Gari yote iko mzuri, lakini macho hapana. Bila macho, hii iko kipande ya mti tu." Aliposikia kuna Mkikuyu huko Thika anayechora herufi kwenye malori bila kutumia rula, alimfuata mwenyewe hadi gerejini. Basi Baba akawa fundi wa macho, nasi tukapewa chumba.

Siku moja ya likizo ya shule Baba alinipakia kwenye kibebeo cha baiskeli tukaenda Thika. Kwenye ua wa gereji palikuwa na lori kuukuu linasubiri kupakwa. Akanishika bega.

"Chuchumaa hapa, Maitu. Unaona nini ndani ya taa?"

"Naona taa."

"Angalia tena."

Niliangalia. Nyuma ya kioo kulikuwa na kitu kama bakuli la fedha, na ndani ya bakuli hilo nilimwona msichana mdogo amening'inia kichwa chini miguu juu, na mbingu nzima iko chini ya kichwa chake.

"Naona mimi. Nimepinduka."

Baba alicheka hata Mhindi mwenye gereji akatoka kuangalia. "Haya basi. Umeona vile wenzako hawaoni. Mtu asiyejua hupaka duara jeupe akadhani amemaliza. Taa si rangi, Maitu. Taa ni shimo lenye maji. Ukitazama ndani yake uone mbingu iko chini na udongo uko juu."

Ndivyo alivyonifundisha. Kwanza rangi ya fedha, nyembamba, iachwe ikauke kabisa. Halafu kivuli cha kahawia nusu ya juu na weupe kidogo nusu ya chini. Halafu mistari ya kioo, iliyochorwa kwa brashi ya nywele zangu mwenyewe, nywele nne au tano zilizofungwa kwenye unyoya wa kuku. Mwisho tone la vanishi, moja tu, lidondoke lenyewe na kuvimba kama jicho. Ukiligusa kabla halijakauka umeliua. Taa za nyuma zilimsumbua Baba muda mrefu, kwa sababu rangi nyekundu ya malori ilifunika fedha yote na taa ikawa kama kidonda, mpaka Bwana alipotoa chupa ndogo ya rangi ya kucha iliyoachwa na mkewe. Rangi ile ilipitisha mwanga. Baba alipoidondosha juu ya fedha na kukinyanyua kigari dirishani, taa iliwaka.

Nilikuwa na miaka tisa, au kumi kasoro, na mikono yangu ilikuwa midogo kuliko yake. Kwanza alinipa mistari, halafu fedha, na mwisho taa nzima. Wanawake wa bombani walinicheka. "Huyu wa Fundi," walisema, "ataolewa na lori." Niliona haya, lakini jioni nilikaa tena karibu na Baba mlangoni, kigari katikati yetu, tukipumulia pembeni ili pumzi isiharibu vanishi.

Hali ya Hatari ilipozidi, serikali ya kikoloni ikiwasaka Wakikuyu walioasi, gereji iliwaambia Wakikuyu wote wasirudi kazini. Baba hakuwaambia watu wa laini. Aliendelea kuondoka na baiskeli alfajiri kama kawaida, sijui alikwenda wapi. Kisha asubuhi moja, mvua za masika zikiwa zimekatika, aliniamsha, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akaweka kiganja kichwani pangu. "Maitu, usiache brashi zikauke." Akaenda. Jioni hakurudi.

Mama aliniambia amekwenda Nanyuki kupaka rangi kanisa kubwa. "Lakini mtu asijue hayupo. Ukiulizwa, sema anatoka alfajiri, anarudi jioni, amechoka. Umenisikia, mwari?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Ukweli niliujua nikiwa mtu mzima. Jina la Baba lilikuwa limetajwa kwenye mchujo, pale watu walipopangwa mstari na mtu aliyefunikwa gunia kichwani akawaonyesha kwa kidole. Kama alikuwa amekula kiapo cha waasi au hakula, sikuambiwa mpaka leo. Alikuwa amejificha kwa shangazi yake, ng'ambo ya mto Chania, akingojea mambo yapoe. Na kilichongojewa hasa ni barua. Bwana alikuwa ameahidi kwamba mwisho wa mwezi angemwandikia Bwana Shauri, mkubwa wa serikali wa pale, kwamba Fundi ni mtu wake, anaishi kwenye shamba lake na hajatoka. Barua ya Mzungu wakati ule ilikuwa ngao. Baba angerudi usiku mmoja, na kesho yake angekuwa mtu aliyekuwapo siku zote. Kwa hiyo ilibidi Bwana aamini kwamba Fundi yupo, na njia pekee ya Bwana kuamini ilikuwa vigari. Jumamosi baada ya Jumamosi, kigari chenye macho mapya kifike barazani.

Mama alipokiona kigari kilichobaki chini ya kitanda hakina taa, aliketi chini akajishika mashavu. Nikamwambia, "Mimi najua kuzipaka." Alinigeukia.

"Kama yeye?"

"Kama yeye."

"Kama yeye kabisa, mtoto. Na usimwambie mtu ni wewe. Hata Bwana. Hasa Bwana."

Hapo ndipo nilipoelewa vibaya. Mama hakunieleza kwa sababu mtoto asiyejua hawezi kusema, nami kwa kutojua nikajipa maelezo yangu. Nilidhani Mama anaona haya. Nilidhani amechoka kuchekwa bombani kwa kuwa na binti anayepaka magari, na sasa anataka kazi yangu iitwe ya Baba ili aibu iishe. Nilipaka kigari cha kwanza kwa uchungu huo, cha pili pia, nikavipeleka mwenyewe barazani kwa sababu Mama alikuwa kwenye kahawa, na kila mara nilisema maneno niliyofunzwa. "Baba amechoka. Amenituma." Bwana akakigeuza kigari, akaguna kwa kuridhika, akanipa kingine.

Cha tatu kilikuwa gari la marehemu baba wa Bwana, jeusi, na taa kubwa mbele kama macho ya bundi. Nilikaa nacho juma zima. Nilifuta fedha mara mbili. Nilikwenda kuchuchumaa mbele ya gari la Bwana mwenyewe lilipoegeshwa karibu na mashine ya kumenya kahawa, nikaangalia miti ya kahawa ilivyopinduka ndani ya taa, kijani kibichi juu, mbingu chini, na nilipoketi kupaka niliweka kijani kidogo sana, chembe tu, kwenye ukingo wa juu. Baba hakuwahi kuweka kijani. Vanishi ilipokauka nilijua kwamba nimefanya kitu ambacho yeye hakukifanya, na nilimkosa sana, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumamosi ile Bwana alikipokea barazani, akakiinua kwenye mwanga. Mikono yake ilitetemeka hata nikaogopa atakiangusha. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Toto," alisema, "baba yako iko fundi kabisa. Sijaona taa kama hii. Hii iko kazi yake mzuri kushinda yote."

Ningeitikia tu. Ningesema ndiyo Bwana, nikaondoka. Nimeirudia dakika hiyo maisha yangu yote, na kila mara namwona msichana yule mwembamba mwenye gauni la gunia la unga, anainamisha kichwa, anaondoka. Lakini alisema, "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi nimezipaka. Si Baba."

Bwana alicheka. Kama angekasirika labda ningenyamaza, lakini alicheka kwa upole, kama mtu mzima anavyomcheka mtoto aliyesema ameona simba bombani, na kicheko kile kilinichoma.

"Nipe brashi," nikasema.

Alinipa. Mezani palikuwa na kigari kisichokamilika, na rangi zake zote. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya baraza, nikashikilia pumzi, nikapaka fedha. Tulingoja ikauke, yeye kwenye kiti chake, mimi chini. Halafu kivuli, halafu mistari. Sikutetemeka hata kidogo. Nilipodondosha vanishi tone likakaa mahali pake, nikasikia Bwana anashusha pumzi juu yangu.

"Nani alikufunza?"

"Baba."

"Na yeye? Iko wapi siku hizi?" Sauti yake haikubadilika. Ilikuwa laini vilevile.

"Amekwenda Nanyuki kupaka kanisa."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ikatike."

Bwana alivaa miwani yake tena. Aliingia ndani, akatoka na biskuti mbili juu ya karatasi. "Wewe iko toto mzuri," alisema. "Toto ya kweli." Nilikimbia nyumbani nikizishika biskuti zile kwa mikono miwili.

Mama alirudi kutoka kuchuma. Aliniuliza biskuti zimetoka wapi, nikamwambia Bwana amekipenda kigari sana. Huo ulikuwa nusu ya ukweli tu, na aliuamini. Aliketi kwenye kizingiti, akavunja biskuti yake vipande vidogo, akala polepole, na uso wake ukalainika. "Labda barua itaandikwa wiki hii," alisema, si kwangu, ni kama anajisemea. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu Baba aondoke. Nami nilikaa karibu naye, nimeshiba fahari.

Jumatatu, mchana kweupe, askari mmoja na mahomgadi wawili, walinzi weusi wa serikali, waliingia kati ya mistari ya kahawa, wakaenda moja kwa moja hadi alipokuwa Mama. Bwana alikuja nyuma yao kwa miguu. Niliona kutoka kwenye kitalu cha miche, mbali, nisisikie lolote. Bwana alimwambia Mama maneno machache. Mama alivua kikapu chake cha kahawa kiunoni, akakiweka chini vizuri kisimwagike, akaenda nao.

Jirani alinilaza kwake. Siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu habari zilifika kwenye laini kabla ya saa sita: Fundi amejitoa. Alisikia mkewe anashikiliwa kwenye kituo cha polisi pale Ruiru, akatoka alikojificha, akatembea barabara kuu mchana, kofia mkononi, mpaka mlangoni pa kituo. Nilikimbia. Sijui nilikimbia muda gani. Nilipofika barabarani, Land Rover ilikuwa inatoka, na nyuma yake, kati ya askari, alikaa Baba. Aliniona. Alifungua mdomo kama anayetaka kuniita, lakini askari alikuwa amemshika bega, na gari likashika kasi.

Nitasema jambo ambalo nimelionea haya kuliko yote. Wakati gari lile linamchukua baba yangu, mimi niliangalia taa zake za nyuma. Niliona jinsi vumbi la njia lilivyokaa nusu ya chini ya kioo chekundu, na nikawaza, tulikosea, sisi tulizipaka safi mno. Niliwaza hivyo kabisa. Halafu gari likapotea, nikaanza kulia.

Mama alirudi jioni ile akichechemea. Hakuniuliza chochote. Alipasha maji, akajikanda mguu, akanipikia uji. Baada ya siku chache tuliambiwa chumba kinahitajika. Tulihamia Thika, kwenye chumba kimoja Makongeni, Mama akapata kazi ya kushona magunia, nami nikawa mtu wa kusikiliza viatu. Kila viatu vya mwanamume vilivyopita uani nilivisikiliza, kwa miaka, nikipanga maneno nitakayomwambia.

Alirudi nikiwa nimekuwa mrefu kuliko Mama. Tulimkuta uani jioni, amekaa juu ya sanduku la mbao, amekonda, nywele zimeingia mvi. Alisimama aliponiona. "Maitu," alisema. Tuliamkuana kwa mkono kama wageni. Maneno yote niliyoyapanga yalikauka. Nilingoja aniulize. Alikula, akasimulia kidogo juu ya kambi alikofungwa, kwamba huko kulikuwa na chumvi hewani na mbu wakubwa, akalala. Kesho yake hakuniuliza. Wala kesho kutwa.

Alipata kazi ya ulinzi kwenye yadi ya mbao. Hakurudi kwenye rangi. Watu wa gereji mpya walikuja kumwita mara mbili, akasema macho yake hayafai tena, ingawa nilimwona akisoma gazeti lililofungiwa nyama. Kama lori lilisimama barabarani na taa zake zikang'aa juani, aliangalia upande mwingine. Nilijua ni kwa sababu yangu. Nilijua ananiangalia na kuona mdomo uliofunguka barazani kwa Bwana Kihara.

Mwaka ule nilipata senti chache kwa kuwachotea watu maji, nikanunua mkebe mdogo wa rangi ya fedha. Ndiyo njia pekee niliyoiona ya kuomba msamaha bila kusema. Jumapili, Mama akiwa kanisani, niliuweka mezani mbele ya Baba, na kando yake brashi mpya niliyoifunga mwenyewe. Alivitazama. Alishika mkebe, akaugeuza, akasoma maandishi yake yote.

"Asante, Maitu," alisema, na akainuka, akatoka nje. Hakurudi mpaka jua lilipotua. Siku chache baadaye nikaona dirisha la jirani yetu limepakwa fedha, fremu yote. Alikuwa amempa mkebe ule. Brashi sikuiona tena.

Basi nikakata tamaa. Mtoto akikataliwa mara moja hujaribu tena, lakini mimi sikuwa mtoto tena, na nilikuwa na sababu ya kuamini kwamba ninastahili. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa huku huku Ruiru. Jumamosi nilikwenda kuwaona, nikiwa na sukari na majani ya chai. Nilimsalimu Baba pale alipokaa nje kwenye stuli yake, nikampelekea chai kwa mikono miwili, kisha nikaingia jikoni kukaa na Mama mpaka saa ya basi. Miaka ikapita hivyo, mtoto wa kwanza, wa pili, wa nne. Hatukugombana hata siku moja. Hapakuwa na kitu cha kugombania. Tulikuwa watu wenye adabu sana.

Aliugua kifua, akafa mapema zaidi ya tulivyotarajia. Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, nilibaki na Mama tukipukuchua mahindi kwenye karai. Sijui ni uchovu au ni nini. Nilimwambia.

"Mama, ni mimi niliyemwambia Bwana."

Hakuacha kupukuchua. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Aliniambia mwenyewe pale kwenye kahawa, askari wakisikia. Alisema, 'Toto yako alisema kweli, wewe hapana.'"

Niliacha kupukuchua. "Na hukuniambia."

"Ulikuwa mtoto. Ningekupa mzigo ule ukauweke wapi?"

"Na Baba?"

"Nilimwambia usiku aliporudi. Halafu akasema, basi sisi wawili tusitaje rangi mbele yake, wala gari, wala taa, mpaka asahau. Mtoto husahau asipokumbushwa. Hiyo kazi aliiacha kwa ajili hiyo. Aliogopa ukimwona na brashi utakumbuka." Mama alisugua gunzi tupu kwa kidole gumba ingawa halikuwa na punje tena. "Siku ulipomletea ule mkebe alinijia njiani natoka kanisani, analia barabarani watu wakiona. Akasema, hajasahau. Bado inamuuma. Tukiondoe kile kitu nyumbani."

Nilimwambia nilivyodhani. Ilinichukua muda kuyatoa maneno, na nilipoyatoa yalikuwa madogo: nilidhani Baba amenichukia. Mama aliweka mahindi chini. Nilikuwa nimemwona akimzika mumewe siku mbili kabla, lakini sikuwa nimemwona na uso ule.

"Ngai," alisema. "Na yeye alivyokuwa akikungoja Jumamosi. Anaoga mapema. Anatoa stuli nje ili akuone ukitoka njiani."

"Sikukaa naye hata mara moja."

"Ulikaa jikoni."

"Nilikaa jikoni."

Kuku waliingia, wakaanza kudonoa punje zilizoruka, wala hatukuwafukuza.

"Ukishaondoka," Mama akasema, "alikuwa akija jikoni anasimama pale mlangoni. Ananiuliza, 'Mmeongea nini? Ameniulizia?' Kila Jumamosi. Hakukosa hata moja."

Nilijaribu kukumbuka Jumamosi moja, moja tu, ambayo nilimuuliza Mama habari za Baba, kama amelala vizuri, kama kifua kimepoa. Niliipitia miaka yote nikiwa nimeketi pale, na sikuipata.

"Ukamwambia nini?"

Mama aliokota hindi lingine, akalitazama, akaanza kulipukuchua.

"Nilimwambia ndiyo."